Kabla ya Kuweka Chambo, Jua Mnyama Anakula Nini

Asubuhi moja mama mfugaji wa kuku alifika ofisini kwetu na mfuko wenye manyoya na kichwa cha tetea. Ndani ya wiki mbili alikuwa amepoteza kuku tisa. Kijana wake aliazima mtego wa kasha, akaweka ndani kipande cha nyama ya ng'ombe, na siku tano mfululizo hakunasa kitu isipokuwa paka wa jirani, tena mara mbili. "Huyu mnyama ni mjanja," mama alituambia. "Mtego anaujua."

Tulikwenda kuangalia. Nyuma ya banda, chini ya mpera, palikuwa na lundo la kinyesi, cha zamani na kipya mahali pamoja, kimejaa mbegu za mapera na vipande vya magamba ya jongoo. Hapo hapakuwa na la kuuliza tena: alikuwa fungo, mnyama wa usiku mwenye madoa anayefanana na paka mkubwa. Fungo huwa na choo chake, hurudi palepale usiku baada ya usiku, na ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoweza kula jongoo, mdudu ambaye wengi humkwepa kwa sababu ya majimaji yake makali. Tuliiondoa ile nyama ya ng'ombe, tukaponda ndizi iliyoiva hadi ngozi yake kuwa nyeusi, tukachanganya na dagaa wakavu. Usiku wa tatu fungo alikuwa ndani ya kasha.

Ninasimulia haya kwa sababu swali tunaloulizwa zaidi na wafugaji ni "niweke chambo gani?" na karibu kila mara linaulizwa mapema mno. Swali la kwanza ni nani anayekuja, na la pili ni anakula nini porini siku ambazo hajafika kwako. Ukipata majibu ya hayo mawili, chambo kitajichagua chenyewe.

Jambo moja la sheria lisisubiri hadi mwisho. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali, hata kama amekula kuku wako. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2013 inayowalinda wanyama hawa. Mtego utegwe na afisa wanyamapori au kwa idhini yake. Kazi yako wewe mfugaji ni kubwa vilevile: wewe ndiye unayelala hapo, na ndiye utakayeona alama kabla ya mvua kuzifuta.

Anza na mayai. Ukikuta yai limevunjwa na vipande vya ganda vimetapakaa karibu na jiwe au ukuta, tena mchana, fikiria nguchiro miraba, wale wanaotembea kwa makundi. Hulishika yai kwa miguu ya mbele, wakageuza mgongo, wakalirusha nyuma katikati ya miguu kuligonga kwenye kitu kigumu. Mayai yakitoweka bila hata ganda moja, usimlaumu nguchiro. Huenda ni kenge, ambaye humeza yai zima, au nyoka. Kuku aliyeuawa usiku ndani ya banda lililofungwa vizuri chini lakini lina uwazi kwenye paa, hapo fikiria kanu. Ni mwembamba, anapanda kama paka, na tundu ambalo kichwa chake kinapita mwili nao utapita. Ukikuta ardhi imechimbwa, mbao zimeng'olewa na kuku wengi wameuawa kwa usiku mmoja, na jirani yako anayefuga nyuki naye analia, huyo karibu hakika ni nyegere.

Kuku ishirini kufa usiku mmoja hakumaanishi mnyama alikuwa na njaa ya kuku ishirini. Porini, ndege mmoja akishikwa wengine huruka. Bandani hawana pa kwenda, na kila anayepapatika anaamsha upya silika ya kuua. Watu wengi wakiona hivyo huamini ni mnyama mbaya au ametumwa. Ni mnyama wa kawaida aliyejikuta mahali ambapo windo halikimbii.

Sasa tuje kwenye chakula chao. Kanu anaishi zaidi kwa panya, wadudu, ndege wadogo na matunda kidogo. Kwake, kichwa au utumbo wa kuku hufanya kazi nzuri kuliko nyama ya ng'ombe, kwa sababu unanukia kile alichokuja kukitafuta. Samaki wa kopo wenye mafuta nao humvuta vizuri, na mafuta yale hukaa na harufu hata baada ya samaki kukauka. Lakini ukiweka mtego katikati ya uwanja utamkosa. Uweke kwenye boriti, juu ya tawi nene, au kando ya ukuta anaopitia. Nguchiro mkia-mweupe, anayetembea peke yake usiku, ni mla wadudu kwanza: mchwa, mende wa mavi, panzi. Anaweza kuonja yai, lakini kutegemea yai pekee kumnasa ni kubahatisha. Kicheche, mnyama mdogo mwenye mistari myeusi na myeupe, naye huchimba mabuu na kuwinda panya. Ukimkaribia ndani ya mtego, jiandae kwa harufu itakayokaa kwenye nguo zako siku kadhaa.

Nyegere anastahili maelezo yake peke yake. Anakula karibu kila kitu, kuanzia nyoka hadi mizizi, na wafugaji wa nyuki wanamjua kuliko mtaalamu yeyote. Kinachomvuta kwenye mzinga ni asali pamoja na majana, yale mabuu meupe ndani ya sega. Kwa hiyo sega kuukuu lenye majana, hata kama halina asali nzuri ya kuuza, linamzidi kuku kama chambo. Ila kasha la mbao nyepesi au waya mwembamba halimzuii. Nimeona kasha alilotoka kwa kulirarua upande mmoja, na chambo alikuwa amekimaliza.

Kuna wanyama ambao chambo cha nyama hakina maana kwao, na hapa ndipo watu hupoteza majuma. Mondo, paka mwitu mwenye miguu mirefu, hula hasa panya na ndege wadogo anaowakamata mwenyewe majanini, kwa masikio yale makubwa yanayosikia panya akitembea chini ya nyasi. Mizoga haimvutii sana. Duma ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Haokoti mizoga, anakula alichokiua mwenyewe kikiwa bado na joto. Wakulima wa Namibia walioona mifugo yao ikiliwa waligundua kwamba nyama ndani ya kasha haimleti, wakaacha chakula kabisa. Duma wana miti fulani wanayoitembelea kuweka alama na kunusa habari za wenzao. Wakulima wakazungushia mti huo matawi ya miiba, wakaacha mwanya mmoja, na kwenye mwanya wakaweka mtego. Chambo kikawa mti wenyewe. Mbwa mwitu naye ni hivyohivyo. Watafiti wanaotaka kumsogeza karibu hutumia sauti za wenzake zilizorekodiwa. Kwa simba huchezwa mlio wa ndama wa nyati aliyeshikwa au kelele za fisi wakila, kwa sababu simba hana aibu ya kupora. Chui na fisi wako upande huo wa wasiokataa mzoga, ndiyo maana maafisa wakitega kasha kwa ajili ya chui huweka mbuzi, na mara nyingi humtumia yuleyule aliyeuawa usiku uliotangulia. Mnyama hurudi kwenye alichokiacha.

Nchi iliyolifanyia jambo hili kazi kubwa ni New Zealand. Katika miaka ya 1880 walowezi walileta kutoka Uingereza stoti, mnyama mdogo wa ukoo mmoja na kicheche, ili awale sungura waliokuwa wameharibu malisho. Stoti akala sungura, akala pia ndege wa nchi ile ambao hawakuzoea adui wa miguu minne, wengine hata kuruka hawawezi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza lengo la kuwaondoa stoti, panya na possamu (mnyama wa mitini aliyeletwa kutoka Australia) nchi nzima ifikapo 2050. Na ndani ya maelfu ya makasha yaliyopangwa misituni, chambo cha stoti ni yai la kuku na nyama ya sungura, yuleyule ambaye stoti aliletwa kumla. Yai linapendwa na wategaji kwa sababu linadumu na linaonekana. Sungura kwa sababu ya harufu. Watafiti wa huko walipata jingine lililonishangaza: harufu ya fereti, ndugu mkubwa wa stoti na adui yake, ilimvuta stoti badala ya kumfukuza. Inaelekea harufu ya mwindaji mkubwa humwambia mdogo kwamba hapa kuna chakula.

Wao pia wanajua uzito wa msimu. Miti ya misitu ya huko iitwayo bichi (beech) ikizaa mbegu nyingi kwa mwaka mmoja, panya huongezeka, kisha stoti huongezeka kwa kuwala. Wakati huo chambo kinashindana na mezani palipojaa. Kwetu ni vilevile. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, au mapera na maembe yakianguka usiku kucha, kasha linaweza kukaa tupu wiki nzima huku mnyama akipita pembeni yake. Hapo usiongeze ukubwa wa nyama. Badilisha aina, umpe kile ambacho msimu haumpi: kipindi cha matunda mpe samaki, na kiangazi, wadudu wakiadimika, hata kipande kidogo cha utumbo kitamleta.

Chambo kizuri huharibiwa na utegaji wa haraka. Liache kasha wazi, mlango umefungwa kwa kamba usianguke, na weka chakula ndani siku mbili au tatu mnyama ale na kuondoka. Akishazoea, ndipo utege. Chambo kikae nyuma ya kibao cha kukanyagia, kimefungwa kwa waya, asiweze kukivuta kwa mkono kutoka nje. Vipande vidogo vichache vimwongoze kutoka njiani. Kwa joto la kwetu, nyama ibadilishwe kila siku, maana ikioza humwita fisi na mbwa wa kijiji kabla ya unayemtaka.

Na kuna siafu. Naomba hili lisomwe mara mbili. Siafu wakifuata damu ya chambo wakakuta mnyama amefungiwa, humla akiwa hai, hana pa kukimbilia. Kagua njia zao kabla ya kutega, na kasha litembelewe alfajiri, kabla ya kuchota maji na kabla ya chai. Funika kasha kwa gunia, giza humtuliza. Usimshike kwa mkono wala usiruhusu watoto wamchokoze. Kichaa cha mbwa hupatikana pia kwa wanyama hawa, na jeraha la kuumwa na mnyama mwenye ugonjwa huo lisipotibiwa mapema linaua.

Wazee walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Chambo kilichochaguliwa vizuri hupunguza hao wasiokuwemo: ndizi peke yake haitamnasa paka wa jirani. Sumu haina hata nafasi hiyo. Ukipaka sumu ya wadudu kwenye mzoga wa ng'ombe kwa hasira ya simba mmoja, watakaofika ni tai wanaouona kutoka angani, fisi, mbweha, na mbwa wako mwenyewe. Afrika Mashariki tumepoteza tai wengi mno kwa njia hii, wakati mwingine makumi kwa mzoga mmoja, na tai huzaa yai moja tu kwa msimu. Inaniuma kila ninapoliandika hili. Tai akiondoka, mizoga hubaki ikioza karibu na visima vyetu.

Turudi bandani, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi. Mnyama wako anaweza kuwa hakuja kwa ajili ya kuku. Pumba na mahindi yaliyomwagika huleta panya, panya humleta kanu na mondo, na usiku mmoja mlango ukisahaulika wanapata kuku. Taa ya banda huleta wadudu, wadudu humleta nguchiro. Kila punje unayoiacha chini usiku ni chambo ulichokiweka bila kukusudia.

Kwa yule mama, kilichomleta fungo kilikuwa mpera. Alikuja kwa mapera, akakuta kuku kando yake. Tulimshauri aokote mapera yote kila jioni, akachimbia waya wa kuku futi moja ardhini kuzunguka banda, na akaziba uwazi uliokuwa chini ya mlango. Miezi michache baadaye nilipita kumsalimu. Mpera haukukatwa. Chini yake kulikuwa na kinyesi kipya chenye mbegu, maana eneo zuri halikai bila fungo. Akanichukua hadi bandani, akahesabu kuku mbele yangu mmoja mmoja, na hakukosekana hata mmoja.