Je, wajua kwa nini wakala wa akili mnemba huleta hesabu isiyo sahihi hata risiti zote zikiwepo?

Mhasibu anamuuliza wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea ombi na kulitekeleza yenyewe: "Machi tulitumia shilingi ngapi kwa nauli?" Jibu linakuja baada ya sekunde chache, limepangwa vizuri, ila si sahihi. Risiti zote zimo kwenye mfumo, na programu ya kutafuta haina hitilafu. Sasa kosa liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye sentensi mbili tatu ambazo mtengeneza programu aliziandika harakaharaka Ijumaa jioni.

Wakala hafungui kabati la risiti kwa mkono wake. Modeli ya lugha anayoitegemea, yaani sehemu inayosoma na kuandika maneno, hupewa orodha ya zana (programu ndogo za kazi maalumu), na kila zana ina jina, maelezo mafupi na nafasi za kujaza, kama vile tarehe au idara. Modeli husoma swali, huchagua zana na kujaza nafasi hizo. Programu nyingine ndiyo huenda kuchota kumbukumbu. Hivyo ndivyo ilivyo hata katika Model Context Protocol, itifaki ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024 ili mawakala na zana za watengenezaji mbalimbali ziweze kuunganishwa kwa njia moja. Msimbo wa ndani wa zana modeli haiuoni. Inaona kibandiko tu, yaani jina, maelezo na nafasi za kujaza. Mtu mpya jikoni akikuta makopo matatu yote yameandikwa "unga", atachota lililo karibu.

Na Kiswahili kina mtego wake hapa. Chukua zana inayoitwa pata_matumizi, yenye maelezo "Inaleta matumizi." Matumizi gani? Fedha zilizotoka, au jinsi wafanyakazi wanavyoutumia mfumo? Neno ni hilohilo. Pembeni yake kuna leta_gharama. Aliyekaa ofisini miaka mitano anajua kwamba ya kwanza ni ya malipo yaliyoidhinishwa na ya pili ni ya masurufu ambayo watu hawajayafanyia marejesho. Modeli itajuaje?

Tuiandike upya:

"tafuta_malipo_yaliyoidhinishwa. Hutafuta malipo ya ofisi yaliyokwisha kuidhinishwa na kulipwa. Haihusu masurufu yasiyofanyiwa marejesho; kwa hayo tumia tafuta_masurufu. Tarehe ni siku fedha ilipotoka, si siku iliyo kwenye risiti. Andika mwaka, mwezi, siku: 2025-03-31. Hurudisha kumbukumbu 50 kwa mara moja na hutaja idadi ya zilizobaki."

Mimi naipenda zaidi ile sentensi inayosema zana haihusu nini. Wengi huiruka kwa sababu kwao jambo liko wazi. Lakini zana mbili zinapofanana, hiyo ndiyo inayozitenganisha.

Suala la tarehe nalo si la kupuuza. Kwetu 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili. Mmarekani anasoma 4 Machi. Risiti ya nauli ikiangukia hapo, inahama mwezi mzima bila mtu kushtuka. Ndiyo maana watengenezaji hupenda mtindo wa kimataifa wa kuandika tarehe, ISO 8601, unaoanza na mwaka. "Robo ya kwanza" pia inataka ufafanuzi: kwa kampuni inayofuata kalenda ni Januari hadi Machi, lakini mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, huanza 1 Julai. Na kama shirika lina ofisi Arusha, Nairobi na Kampala, neno "shilingi" peke yake halitoshi. Zana irudishe TZS, KES au UGX kando ya kila kiasi, la sivyo wakala atajumlisha zote kama fedha moja, tena bila wasiwasi wowote.

Kosa linalojificha kuliko yote ni lile la idadi. Tuseme malipo ya nauli ya Machi ni 180. Zana inarudisha 50 za mwanzo na kunyamaza. Wakala anajumlisha hizo 50, anaandika jumla, na mhasibu anapeleka kwa bosi. Hapo modeli haijakosea hesabu hata kidogo. Imejumlisha sawasawa ilichopewa. Mstari mmoja ungeliokoa jahazi: "Zimebaki 130, omba ukurasa wa 2."

Vilevile, zana isipopata kitu isirudishe ukimya. Jibu tupu linaweza kumaanisha hakuna malipo, idara imeandikwa vibaya, au anayeuliza hana ruhusa ya kuona. Wakala akiachwa abahatishe, atasema "hamkutumia chochote." Lakini zana ikimjibu, "Hakuna idara inayoitwa 'Usafiri', zilizopo ni Uchukuzi, Utawala na Fedha," atabadilisha neno na kutafuta tena hapohapo, kabla mhasibu hajamaliza chai yake.