Je, wajua kwa nini 7 ikigawanywa kwa 2 kama namba kamili ni 4 kwenye MATLAB, lakini ni 3 kwenye C?

Fungua MATLAB, programu ya hesabu yenye lugha yake, uandike int32(7)/int32(2), yaani 7 na 2 zikiwa namba kamili. Jibu ni 4. Hesabu hiyohiyo ya namba kamili ukiiandika kwa lugha ya C, 7/2, unapata 3. Zote mbili ziko sahihi kwa kanuni zake: MATLAB hukadiria 3.5 hadi namba kamili iliyo karibu zaidi, na nusu huipandisha, ilhali C hukata desimali na kuitupa.

Ndiyo maana kuihamisha programu ya hesabu kutoka MATLAB kwenda C si kazi ya kubadilisha maneno tu. MATLAB ilizaliwa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Cleve Moler alitaka wanafunzi wake watumie maktaba za hesabu za LINPACK na EISPACK bila kuhangaika na lugha ya programu ya Fortran. Tangu hapo lugha hii humwamulia mtumiaji mengi kimyakimya. Si lazima utaje aina ya namba, wala uombe nafasi kwenye kumbukumbu. Unaandika C = A*B, matriki (majedwali ya namba) zinazidishwa, basi. Katika C, mstari huo unageuka vitanzi vitatu (amri za kurudiarudia), kimoja ndani ya kingine, na vipimo vyote lazima vijulikane.

Kwa nini basi watu wajisumbue? Kwa sababu kifaa kinachoendesha mota au kupima mapigo ya moyo hakina nafasi ya kubeba MATLAB, ila kompaila ya C, programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine, ipo kwa karibu kila chipu.

Nafasi yenyewe ni finyu kweli. Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kielektroniki, ina kumbukumbu ya kazi (RAM) ya baiti 2,048. MATLAB, usipoiambia vingine, huhifadhi kila namba kwa baiti 8, kwa hiyo matriki moja ya 16 kwa 16 ingeimaliza yote. Kuna mtego zaidi: kwenye chipu hiyo, aina ya namba iitwayo double kwa kawaida ina baiti 4 tu, na usahihi unashuka kutoka tarakimu 15 hivi hadi karibu 7. Jina ni lilelile, namba si ileile.

Mtego unaoniogopesha kuliko yote ni kufurika, yaani jibu kuzidi nafasi iliyotengewa. Nukta ya picha yenye mwanga 200 ukiiongezea 100 katika namba ya biti 8 (0 hadi 255), MATLAB husimama kwenye kikomo, 255, nukta ikawa nyeupe. C ukiirudisha jumla hiyo kwenye biti 8 inazunguka na kutoa 44, karibu nyeusi, bila onyo lolote.

MATLAB Coder, iliyotoka mwaka 2011, huandika C yenyewe na huweka ulinzi huo wa kikomo, mradi uitajie aina na ukubwa wa data zinazoingia. Anayeandika kwa mkono lazima akumbuke pia kwamba MATLAB huhesabu nafasi kuanzia 1 na hupanga matriki safuwima kwa safuwima, wakati C huanzia 0 na hupanga safumlalo kwa safumlalo.

Ukimaliza, linganisha majibu ya pande zote mbili, lakini usidai yafanane hadi tarakimu ya mwisho. Mpangilio wa kujumlisha tu hubadilisha jibu: (0.1+0.2)+0.3 hutoa 0.6000000000000001, na 0.1+(0.2+0.3) hutoa 0.6. Weka kiwango cha tofauti unachokikubali kabla ya kuanza kupima.