Daraja la almasi si bei yake

Oktoba 2022, mnadani Hong Kong, almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 11.15 iliuzwa dola milioni 57.7. Ilichongwa kutoka kwenye jiwe ghafi la karati 32 lililochimbwa Mwadui, Shinyanga. Kabla ya mnada ilikadiriwa kufika dola milioni 21 tu. Jiwe ni lile lile, na cheti chake hakikubadilika hata herufi moja, lakini bei ilipita makadirio zaidi ya mara mbili. Kupangiwa daraja ni jambo moja, kuthaminiwa ni jingine, na anayeyachanganya huumia siku ya kuuza.

Daraja hutolewa na maabara. Inayojulikana zaidi ni GIA ya Marekani, iliyoanzishwa 1931. Maabara huangalia uzito, rangi, usafi na mkato, kisha hutoa cheti, na kwenye cheti hicho hamna bei.

Uzito hauna ubishi: karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe lile la mamilioni halikufika hata gramu 2.5. Rangi hupewa herufi kuanzia D, yaani jiwe lisilo na rangi kabisa, hadi Z, lenye umanjano au ukahawia unaoonekana. Mpimaji hulilaza jiwe uso chini juu ya kitu cheupe, akalilinganisha na mawe ya mfano yaliyopangwa kando yake. Ndiyo maana almasi iliyokwisha kufungwa kwenye pete ya dhahabu haipimiki rangi kwa uhakika, kwani dhahabu hulipaka jiwe umanjano wake. Almasi za waridi au buluu zina mizani yao, na huko kadiri rangi inavyokolea ndivyo thamani inavyopanda.

Usafi hukaguliwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Jiwe lisiloonyesha doa lolote ni nadra sana. Yanayofuata huandikwa VVS (dosari ndogo mno), VS (ndogo sana), SI (ndogo), hadi I, ambapo dosari huweza kuonekana kwa macho matupu. Doa lilipo nalo lina uzito wake: la pembeni hufichwa na kucha za pete, la katikati ya uso hukutazama kila siku.

Mkato ndio kazi ya mkono wa binadamu, na kwangu mimi ndio wa kutazamwa kwanza. Jiwe likikatwa bapa mno, mwanga huvujia chini badala ya kurudi machoni, na hata likiwa na rangi D litaonekana limezubaa. Fundi mzuri hukubali kupoteza uzito ili apate mng'ao. Lile la Mwadui lilipoteza karibu theluthi mbili.

Uthamini huanzia hapo. Mthamini husoma cheti, akaangalia soko, kisha akaandika kiasi kulingana na lengo. Thamani ya bima ni gharama ya kununua pete nyingine kama hiyo dukani, kwa hiyo huwa juu. Ukiipeleka pete hiyo hiyo kwa sonara akununulie, atakutajia kiasi kidogo zaidi, maana naye ana faida yake ya kutafuta. Thamani kwa ajili ya mirathi nayo huhesabiwa kivyake. Hakuna kati ya hizo iliyo ya uongo, mradi karatasi iseme wazi ni thamani ya nini.

Cheti cha Mpango wa Kimberley, ulioanza 2003, hakihusiki na ubora hata kidogo. Kinathibitisha tu kwamba almasi ghafi hazikufadhili waasi vitani.

Ukitaka kununua, omba namba ya cheti uihakiki kwenye tovuti ya maabara yenyewe. Mawe mengi huchorwa namba hiyo kwa leza kwenye ukingo, kwa maandishi yasiyosomeka bila lenzi, basi mwambie muuzaji akuonyeshe. Na mthamini asiwe yule yule anayekuuzia, wala anayetaka kununua kwako.