Uainishaji: mkoko mmoja, majina mengi

Chukua mti uliosimama kwenye tope la mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, huko Lamu, pwani ya Kenya. Mtaalamu wa mimea ataupa jina Rhizophora mucronata. Mkata miti atasema huo ni mkoko, kisha atautupia jicho shinani na kuongeza kwamba bado ni pau, haujawa boriti. Afisa wa misitu atauhesabu ndani ya msitu wa serikali ambao haukatwi bila kibali. Mwalimu wa Kiswahili ataingiza neno lake katika ngeli ya U-I: mkoko huu, mikoko hii. Wote wanne wamesema kweli, na hakuna hata mmoja aliyejibu swali la mwenzake.

Hiyo ndiyo kazi inayoitwa uainishaji: kupanga vitu katika makundi kwa kufuata kigezo. Neno limetoka kwenye aina, na watu wengi hulielewa hadi hapo tu, kwamba kuna aina kadhaa za kitu. Kinachosahaulika ni kigezo. Ukisikia mtu anasema kitu fulani "ni aina ya" kingine, muulize kwanza: kwa kigezo gani? Kwa undugu wa kuzaliana, kwa mahali kinapoishi, kwa matumizi, kwa sheria, au kwa lugha?

Tuanze na uainishaji wa miti iliyokatwa, kwa sababu Lamu ndiyo yenye mikoko mingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi. Miti ikishushwa kutoka kwenye jahazi hupangwa kwa unene na unyoofu, na huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Nyembamba kabisa ni fito, ambazo unene wake hauzidi sentimita 4 hivi. Hizo hufungwa kwenye kuta za udongo na kwenye mapaa ya makuti. Zinafuata pau, kisha boriti, kisha nguzo, na mwisho banaa, miti minene kuliko yote. Ndani ya korija moja ya pau unaweza kukuta mkoko, mui na mkandaa, miti mitatu tofauti ya mikokoni, vimechanganywa, na mnunuzi asiwe na neno. Anachotaka ni mti ulionyooka na usiooza upesi. Kinyume chake, fito na boriti zinaweza kuwa za spishi moja, tofauti yake ikiwa ni miaka tu.

Uainishaji huu si wa kienyeji kwa maana ya kubahatisha. Umejenga mji mzima. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake ukikaa karibu na mita 2.5 hadi 3, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba dari zito la mawe na chokaa bila kupinda. Aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha; kukipanua hakuweza. Kundi liitwalo boriti, basi, halimo katika kitabu chochote cha biolojia, lakini limeamua vipimo vya ukumbi.

Mtaalamu wa mimea anauliza swali jingine kabisa: nani ni ndugu ya nani? Utaratibu anaoutumia ulipata sura yake kwa Msweden Carl Linnaeus, aliyechapisha orodha yake ya mimea mwaka 1753 na toleo la kumi la orodha ya wanyama mwaka 1758. Kila kiumbe kinapewa jina lenye sehemu mbili: la kwanza ni la jenasi (kundi la spishi ndugu) na huanza kwa herufi kubwa, la pili ni la spishi na huanza kwa herufi ndogo. Juu ya jenasi kuna familia, oda, ngeli, faila na himaya. (Ndiyo, ngeli. Wanabiolojia wa Kiswahili na wanasarufi wanatumia neno lile lile kwa mambo mawili tofauti, na mwanafunzi anayefanya mitihani yote miwili wiki moja anastahili kuhurumiwa.) Mchu, ule mkoko wenye majani meupe upande wa chini, uko katika jenasi ambayo Linnaeus mwenyewe aliiita Avicennia kwa heshima ya tabibu Ibn Sina.

Linnaeus alipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya ua. Siku hizi undugu hutafutwa zaidi kwa kulinganisha DNA, na ndiyo maana majina ya familia yamehamahama tangu miaka ya 1990. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kwa kigezo cha undugu, hakuna kundi linaloitwa mikoko. Kenya ina spishi tisa za miti tunayoiita hivyo, na zimetawanyika katika familia sita. Mkoko wenyewe (Rhizophora), mui na mkandaa ni ndugu wa kweli. Lakini mlilana yumo katika familia moja na mhina na mkomamanga. Kikandaa ni jamaa ya mkungu, ule unaopandwa kwa kivuli. Mkomafi na mwenzake mkomafi dume wako ukoo mmoja na mwarobaini. Msikundazi yuko pamoja na mbuyu, pamba na bamia. Mchu ana familia yake nyingine. Bibi harusi anayepakwa hina katika mtaa wa Langoni, Lamu, mmea anaopakwa una undugu na mlilana, mti unaotoa mataruma (mbavu) ya jahazi.

Je, basi neno mikoko ni kosa? La. Ni jibu la swali tofauti: ni miti gani inaweza kuishi mahali ambapo maji ya chumvi hupanda na kushuka mara mbili kwa siku? Koo sita zimefika kwenye tatizo hilo kila moja kwa njia yake. Mkoko huchuja chumvi mizizini. Mchu huitoa kupitia majani, na ukililamba jani lake siku ya jua utaionja. Mkoko hujishikiza kwa mizizi ya magongo inayoning'inia kama miguu ya buibui, mchu huchomoza mizizi midogo kama penseli ili ivute hewa. Kundi la makazi ni kundi halali, mradi usilifanye kundi la damu.

Anayetaka kuitambua miti hii asianze na majani, ambayo kwa mbali yanafanana. Aanze na mizizi. Magongo yanayotoka shinani na matawini: huo ni mkoko, na jani lake litakuwa na kincha kidogo kwenye ncha. Mizizi iliyokunjwa kama magoti, na kikombe chekundu cha ua: mui. Penseli nyembamba: mchu. Mizizi minene yenye umbo la pia iliyopinduliwa, karibu na maji makuu: mlilana, na tunda lake la kijani limekalia nyota. Mizizi bapa inayojipinda juu ya tope kama utepe, na tunda la mviringo kubwa kama mpira: mkomafi. Mkandaa ndio unaoleta shida, kwa kuwa ukiwa mdogo mtu huudhania mkoko uliodumaa; tazama ncha ya jani, ya mkandaa ni butu, haina kincha.

Baharini mambo huchanganyika zaidi. Neno samaki sokoni hubeba changu, papa, pweza na ngisi bila tabu. Mvuvi mwenyewe hugawa kwa mahali na chombo: samaki wa mwambani kama tafi na changu, na wa maji makuu kama nguru na jodari. Ugawaji huo ndio unaomwambia achukue wavu gani na aende wapi. Kwa kigezo cha undugu, pweza ni jamaa ya konokono na chaza, nguva ni mamalia ambaye jamaa yake wa karibu bara ni tembo, na kasa ni mtambaazi. Tena changu, mwenye mifupa, yuko karibu zaidi kiukoo na binadamu kuliko na papa, ambaye mifupa yake ni gegedu tupu. Kwa hiyo "samaki" nalo, kama mikoko, ni neno la makazi na umbo.

Fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, huuliza swali lake: ni kipi kinaliwa? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani hii, kinachoishi majini tu kwa asili ni halali, nacho kiishicho majini na nchi kavu pia, kama chura na mamba, wanazuoni wengi hukikataza. Madhehebu ya Hanafi hubana zaidi na kuruhusu samaki pekee, na hapo ndipo mjadala wa kamba unapozuka: je, kamba ni samaki? Mwanabiolojia atasema ni jamaa ya kaa, wala si samaki. Jibu lake ni sahihi ila haliumalizi mjadala, maana swali halikuwa la undugu. Lilikuwa la maana ya neno katika lugha ya sheria. Serikali nayo ina orodha yake: kasa na nguva wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na aliyemnasa mmoja wao wavuni humrudisha majini hata kama hakumkusudia.

Lugha yenyewe haikukaa nje ya mambo haya. Kiswahili hutenga kinachojisogeza na kisichojisogeza: kamba huyu ni wa kuliwa, kamba hii ni ya kufungia. Miti huwekwa pamoja kwa M- na MI-, lakini mti ukishakatwa hubadilisha ngeli: mkoko huu unakuwa boriti hii, ufito huu. Na mnazi tumeuchambua kuliko biolojia inavyojali. Kwake tunda la Cocos nucifera ni moja tu. Kwetu ni kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi, na likikaushwa ni mbata. Ukimtuma mtoto nazi ya tui akakuletea koroma, mboga imeharibika, kwa sababu nyama ya koroma bado haijawa na mafuta ya kutosha.

Hasara kubwa hutokea pale kundi la fani moja linapochukuliwa na kupelekwa kwenye kazi ya fani nyingine. Picha za satelaiti huhesabu msitu kwa ukubwa wa kijani. Msitu ambao boriti zote zimekatwa na kubaki fito utaonekana kwenye picha kuwa upo, hekta zile zile, na fundi wa dari atakuambia haupo.

Upandaji ndio mfano mchungu zaidi. Ramani huandika "mikoko", kisha kikundi hukusanya mbegu za mkoko peke yake kwa kuwa ni rahisi: huchipua zikiwa bado juu ya mti, ndefu kama rula, na unazichomeka tu topeni. Lakini kila spishi ina ukanda wake. Mlilana hukaa mbele, panapofunikwa na maji muda mrefu. Nyuma yake mkoko. Kisha mui na mkandaa. Mchu hustahimili chumvi kali upande wa bara, ingawa huonekana mbele pia. Mkoko ukipandwa mbele, mahali pa mlilana, mawimbi huung'oa na viumbe vya maji hugandia shina lake changa. Ukipandwa nyuma, kwenye chumvi kavu, hukauka kabla ya mvua.

Kwa hiyo kwanza tazama spishi iliyowahi kuota hapo, kwa visiki vilivyobaki. Pili, jua kwa nini ilitoweka: kama njia ya maji imezibwa, ifungue kabla ya kupanda chochote. Mbegu ya mkoko huokotwa ikiwa pete ya manjano imejitokeza kati yake na tunda. Huchomekwa ncha iliyochongoka ikiwa chini, robo hadi theluthi ya urefu wake, na mche hadi mche mita moja, ambayo ni miche 10,000 kwa hekta. Wapo wanaoipindua, nayo huoza. Mbegu ya mchu haichomekwi. Hulowekwa mpaka ganda litoke, kisha hulazwa juu ya tope. Ya mlilana ni ndogo mno, kwa hiyo tunda huachwa lioze majini, mbegu zikasiwa kitaluni, na miche huhamishwa ikiwa na nguvu ya kukabili wimbi.