Kibo kuonekana wazi si kipimo cha hewa safi
Wakazi wengi wa Moshi huamini kwamba Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ikionekana wazi asubuhi, hewa ya mji ni safi. Dhana hiyo si sahihi, na inaniumiza kwa kuwa watoto ndio huilipia. Vumbi la barabarani tunaloliona ni chembe kubwa, ambazo nyingi hunaswa puani. Zinazodhuru zaidi ni zile zisizozidi kipenyo cha maikromita 2.5, takriban sehemu ya 30 ya unene wa unywele, ambazo hutoka katika moshi wa dizeli, mkaa na taka zinazochomwa, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuchangia kiharusi na magonjwa ya moyo. Hupimwa kwa mitambo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, hadi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Jiko la mkaa linalowashwa chumbani huweza kukizidi mara kadhaa, huku Kibo ikiwa imetakata dirishani.