Je, mbwa anaweza kumeza omeprazoli yako?

Alfajiri moja hapa Buruburu tulikuta mbwa wetu Simba ametapika povu la njano langoni. Mama akatoa omeprazoli yake ya vidonda vya tumbo, kapsuli ya miligramu 20, akauliza, "Tumpe?" Watu wengi wangemkataza papo hapo. Mimi naona swali lake lilistahili jibu kamili.

Tumbo la mbwa hutoa asidi kama letu. Ukuta wake una seli zenye pampu ndogondogo zinazomwaga asidi, na omeprazoli huzifunga pampu hizo, ziwe za mtu au za mbwa. Madaktari wa mifugo huitumia sana, kwa kawaida kama miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, mara moja au mbili kwa siku. Kapsuli ya mama ingemtosha mbwa wa kilo 20. Kwa kijibwa cha kilo 4 ingekuwa mara tano ya kipimo chake.

Ajabu ya dawa hii ni kwamba asidi inayopunguza ndiyo inayoiharibu. Kwa hiyo punje zilizo ndani ya kapsuli huvikwa ganda lisiloyeyuka mpaka zifike kwenye utumbo. Huko dawa huingia kwenye damu, na damu ndiyo huirudisha hadi kwenye pampu. Ukizisaga punje hizo na kuzichanganya na ugali, nguvu nyingi ya dawa itapotea tumboni. Tena hufunga pampu zilizo kazini tu, ndiyo maana hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo. Ikitumika wiki tatu au nne, hupunguzwa polepole, kwani ukiikatiza ghafla asidi inaweza kurudi kwa kishindo.

Ninachokiogopa zaidi ni vile vingine vilivyomo kabatini. Baadhi ya dawa za kutafuna na za maji hutiwa utamu wa zailitoli. Kwa binadamu haina neno, lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu haraka na inaweza kuharibu ini. Tafadhali soma pakiti kabla hujampa. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mbwa anayechechemea hupewa kwa nia njema, ndizo zinazomletea vidonda vya tumbo.

Povu la njano ni nyongo, na mara nyingi humtoka mbwa aliyelala na tumbo tupu. Simba alikuwa akila saa kumi na mbili jioni basi. Daktari wa mifugo alisema tumwongezee chakula kidogo saa nne usiku, na kapsuli ya mama ikarudi kabatini.

Mbwa akitapika tena na tena, akitoa damu au kinyesi cheusi kama lami, usimpe chochote cha kutuliza asidi. Na mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayetapika na kuhara huenda ana parvo, ugonjwa unaoweza kumuua kwa siku chache. Mpeleke kliniki leo hii.