Gari la zamani likisita, si lazima iwe plagi
Wengi huamini kwamba gari la kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli kwa ajili ya injini) likisita dereva anapokanyaga mafuta, plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, zimechakaa. Hubadilishwa zote, na kasoro hubaki palepale. Plagi mbovu kwa kawaida huifanya injini ikatekate pia inapopanda mlima, ilhali kusita kwa sekunde moja tu, wakati wa kukanyaga, huelekeza zaidi kwenye pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta, ambayo kazi yake ni kurusha petroli ya ziada kwa sababu hewa huwahi kuingia kabla ya mafuta. Zima injini (na sigara pia), ondoa chujio la hewa, kisha chungulia ndani ya kabureta huku ukivuta waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta: mchirizi usipotoka papo hapo, pampu hiyo ndiyo ya kushughulikiwa. Mchirizi ukitoka vizuri, kagua kama mabomba ya mpira ya hewa yamepasuka.